Kanada: Nywele zilizowanyanganya wazazi watoto wao, na somo kwa kila mtu anayepimwa

Kati ya mwaka 2005 na 2015, labo moja ya muji wa Toronto, nchini Kanada, ilipima sampuli za nywele zaidi ya 24.000, zilizotolewa kwa watu zaidi ya 16.000. Swali lilikuwa moja: je, mtu huyu anatumia madawa ya kulevya ao anakunywa pombe kupita kiasi? Majibu yalipelekwa kwa mashirika ya ulinzi wa watoto, na mara nyingi yalifika mbele ya juji. Kuna watoto walioondolewa mikononi mwa mama zao. Wengine walipewa familia zingine kisheria, wakawa watoto wa watu wengine moja kwa moja.

Tarehe 17 Desemba 2015, ripoti iliyoagizwa na serkali ya jimbo la Ontario ilisema bila kuficha kwamba vipimo hivyo havikustahili kuaminiwa mbele ya tribinali.

Kwa Wakongomani wa mashariki, habari hii si ya mbali kama inavyoonekana. Kuna familia za Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia ambazo zina jamaa Kanada ao Marekani, hasa wale waliopelekwa huko kama wakimbizi kwa njia ya HCR. Huko, shirika la ulinzi wa watoto lina uwezo wa kubisha hodi na kuuliza maswali juu ya maisha ya nyumbani. Na hapa kwetu pia vipimo vya pombe na madawa vinaendelea kuingia katika maisha ya kazi na ya barabarani. Ni vizuri kuelewa jambo gani liliharibika Toronto, na kwa nini ilichukua miaka mingi kabla mtu hajasema.

Labo iliyoaminiwa na wote

Labo hiyo iliitwa Motherisk. Ilikuwa ndani ya Hospital for Sick Children, hospitali kubwa ya watoto ambayo wakaaji wa Toronto wanaiita SickKids, na ambayo sifa yake imevuka mipaka ya Kanada. Programu ya Motherisk ilianzishwa mwaka 1985 na munganga Gideon Koren. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya maana sana: kuwashauri wamama wenye mimba dawa gani wanaweza kumeza bila kumuumiza mtoto aliye tumboni.

Baadaye programu iliongeza kazi ingine, ile ya kupima nywele. Mashirika ya ulinzi wa watoto ya Ontario, na hata ya majimbo mengine ya Kanada, yalianza kutuma sampuli. Kwa mfanyakazi wa shirika aliyekuwa na dosie ya mama anayeshukiwa kutumia kokaini, kipimo hicho kilionekana kama zawadi. Badala ya kusikiliza huyu anasema hivi na yule anakana, sasa kulikuwa na karatasi yenye namba.

Na karatasi hiyo ilikuwa na jina la SickKids juu yake. Juji aliiamini. Wafanyakazi wa jamii waliiamini. Avoka wa mama maskini, anayelipwa kidogo na serkali na kubeba dosie nyingi kwa siku moja, hakuwa na njia nyepesi ya kupinga munganga wa hospitali ile. Mzazi aliyekataa kukatwa nywele alijua kwamba kukataa kwake kungeweza kuhesabiwa kama kukiri. Basi wengi walikubali.

Nywele zinaweza kusema nini

Elimu ya kutafuta pombe, madawa na sumu ndani ya mwili wa mtu kwa ajili ya sheria inaitwa toksikolojia ya sheria. Ni elimu ya kweli, na kupima nywele ni sehemu yake. Mwaka 1979, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Werner Baumgartner walionyesha kwamba alama za madawa ya jamii ya afyuni zinaweza kuonekana kwenye nywele za watu waliozitumia.

Sababu ni hii. Mzizi wa unywele unakula kutoka kwa damu. Mtu akivuta ao kumeza dawa ya kulevya, damu inapita nayo mpaka kwenye mzizi, na kiasi kidogo sana kinanaswa ndani ya unywele unaoota. Nywele za kichwa zinaota karibu sentimeta 1 kwa mwezi. Basi kipande cha sentimeta 3 kilicho karibu na ngozi kinabeba habari za miezi 3 hivi iliyopita.

Hapo ndipo nywele zinashinda vipimo vingine. Pombe inatoka katika damu haraka: kwa mtu wa kawaida kiwango kinashuka karibu gramu 0,15 kwa litri kila saa, hata kama kuna wanaopunguza pole pole zaidi na wengine haraka zaidi. Aliyekunywa jana jioni anaweza kuwa safi leo mchana. Alama za kokaini katika mkojo zinadumu siku chache tu. Nywele zinakumbuka miezi.

Lakini nywele zina shida zao pia. Ya kwanza ni kwamba ziko inje. Moshi wa dawa, unga ulioshikwa kwa mikono, jasho, vyote vinaweza kugusa unywele wa mtu ambaye hajatumia kitu. Mtoto anayelala katika nyumba ambamo watu wazima wanavuta anaweza kuwa na kokaini kwenye nywele zake bila mtu kumpa hata punje moja. Kwa hiyo sampuli inapaswa kuoshwa vizuri kabla ya kupimwa, na labo inapaswa kutafuta pia vitu ambavyo mwili wenyewe unatengeneza unapoyeyusha dawa ile. Vikiwepo kwa kiasi kinachostahili, kuna sababu zaidi ya kusema dawa ilipitia ndani ya mwili.

Kwa pombe, mambo ni magumu zaidi. Pombe yenyewe haikai kwenye nywele. Kinachotafutwa ni mabaki yake. Mabaki ya aina moja, ambayo Motherisk iliyatumia, yanatokana na pombe kuungana na mafuta ya mwili. Utafiti umeonyesha kwamba dawa za kupulizia nywele zenye alkoli zinaweza kuyapandisha. Mama anayetengeneza nywele zake kila asubuhi na hanywi pombe anaweza kuonekana mlevi. Mabaki ya aina ingine, yanayoitwa etili glukuronaidi, yanaaminiwa zaidi. Wataalamu wa kupima nywele walikubaliana kwamba kuanzia pikogramu 30 kwa kila miligramu ya nywele mtu anaweza kushukiwa unywaji wa kupita kiasi na wa muda mrefu. Pikogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni elfu. Ukifanya kazi na viwango vidogo namna hiyo, uzembe mdogo unaweza kugeuza jibu.

Kipimo cha kwanza si hukumu

Wakaaji wa Beni na Butembo wanalielewa jambo hili kuliko watu wengi duniani. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 mpaka 2020, mtu aliyeshukiwa alipelekwa kwenye kituo na damu yake ikapimwa. Jibu likitoka hasi, hakufunguliwa mlango papo hapo ikiwa ugonjwa wake ulikuwa umeanza siku hizo tu. Alingoja na kupimwa tena baada ya masaa 48. Vilevile kwa Ukimwi: kipimo cha haraka kikionyesha virusi, munganga mwenye elimu hamwambii mtu habari hiyo mpaka kipimo kingine cha aina tofauti kikubaliane na cha kwanza.

Kwa madawa ya kulevya sheria ni ile ile, na wataalamu wa toksikolojia ya sheria wanaifuata tangu zamani. Kuna hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni kipimo cha kuchuja. Kinatumia antikorpi, yaani chembe zinazokamata dawa fulani kama vile kufuli inavyopokea funguo yake. Ni cha haraka na bei yake ni nafuu. Shida ni kwamba kufuli hiyo inaweza kupokea funguo zingine zinazofanana. Dawa fulani za mafua, kwa mfano, zinaweza kufanya kipimo kiseme mtu ametumia amfetamini. Kipimo cha kuchuja kinafaa kwa kuondoa walio safi. Wale wanaobaki, kinasema tu: hawa waangaliwe zaidi.

Hatua ya pili ni kipimo cha kuhakikisha. Kinafanywa na mashine ambayo kwanza inatenganisha vitu vyote vilivyo katika sampuli, kisha inapima uzito wa vipande vya kila kimoja. Wataalamu wanaiita kromatografia pamoja na spektrometria ya masi. Kila dawa ina alama zake, karibu sawa na alama za kidole. Mashine hiyo ni ghali, na inataka mtu aliyesomea kazi hiyo. Lakini ndiyo inayokubaliwa mbele ya tribinali za nchi zenye mazoea ya mambo haya.

Kwa miaka mingi, mpaka 2010, Motherisk ilikuwa ikitoa majibu ya kokaini yaliyotoka kwenye kipimo cha kuchuja peke yake. Ilitoa hata namba, kana kwamba kiasi kilikuwa kimepimwa sawasawa. Na namba zile zilielezwa mbele ya majuji kama uthibitisho.

Mtaalamu mmoja na mwandishi wa habari mmoja

Mambo yalianza kubomoka kwa sababu ya kesi ya jinai. Mwaka 2009, mama mmoja wa Toronto alihukumiwa, pamoja na makosa mengine, kwa kumpa mtoto wake kokaini. Ushahidi mkubwa ulitoka Motherisk: nywele za mtoto, walisema, zilionyesha kwamba alikuwa amepewa kokaini kwa zaidi ya mwaka mzima.

Kwenye rufaa, upande wa utetezi ulifanya jambo ambalo lilikuwa halijafanywa. Ulimwomba mtaalamu wa inje asome kazi ya labo. Craig Chatterton, aliyekuwa naibu wa mtaalamu mkuu wa toksikolojia katika ofisi ya uchunguzi wa vifo ya jimbo la Alberta, alieleza kwamba kipimo cha kuchuja peke yake hakiwezi kutumiwa kumhukumu mtu, na kwamba wataalamu wengine wa toksikolojia ya sheria hawakufanya kazi namna hiyo. Mwezi wa Oktoba 2014, Tribinali ya Rufaa ya Ontario ilifuta hukumu zilizohusu kokaini. Zile zingine dhidi ya mama yule hazikuguswa.

Gazeti la Toronto Star, kwa kalamu ya Rachel Mendleson, lilichukua habari hiyo na halikuiacha. Mwandishi aliuliza swali nyepesi: ikiwa kipimo hakikufaa kwa kesi moja ya jinai, je, kilifaa vipi kwa maelfu ya familia ambazo hazikuwa na mtaalamu wa kuzitetea?

Mwezi wa Novemba 2014, serkali ya Ontario ilimteua Susan Lang, juji mstaafu wa Tribinali ya Rufaa, afanye uchunguzi. Mwanzoni hospitali ilitetea labo yake. Machi 2015 ilisimamisha vipimo, na Aprili ikaifunga labo kabisa. Oktoba mwaka huo huo, kiongozi wa hospitali aliomba radhi hadharani. Serkali nayo iliagiza mashirika ya ulinzi wa watoto yaache kutumia vipimo vya nywele.

Yale ambayo Lang aliyaona

Ripoti ya Lang inatisha kwa sababu ya mambo ya kawaida yaliyokosekana. Labo haikuwa na kibali cha kufanya kazi ya toksikolojia ya sheria. Wafanyakazi wake, pamoja na viongozi, hawakuwa wamesomea elimu hiyo. Hapakuwa na maandishi kamili ya kueleza kila kipimo kinafanywa namna gani, hatua kwa hatua. Kwa muda mrefu sampuli hazikuoshwa kama inavyotakiwa kabla ya kupimwa. Ulinzi wa sampuli, yaani kuandika nani aliipokea, nani aliigusa na ilikaa wapi, ulikuwa na mapengo.

Lang alisema labo haikutimiza kanuni za kimataifa za toksikolojia ya sheria hata wakati mmoja kati ya 2005 na 2015. Ilifanya kazi kama labo ya hospitali, ambamo munganga anatafuta fununu ya kumsaidia mgonjwa, lakini majibu yake yalitumiwa kama ushahidi wa kumnyima mtu mtoto wake. Hizo ni kazi mbili tofauti. Munganga akikosea fununu, anampima mgonjwa tena kesho. Juji akishatoa mtoto, kesho hiyo inaweza isifike.

Kuna jambo lingine linaloumiza. SickKids ilikuwa imeshaonywa. Hospitali hiyo hiyo ndiyo ilikuwa na Charles Smith, munganga wa kuchunguza maiti za watoto, ambaye makosa yake yalichangia wazazi na walezi kuhukumiwa bila haki kwa vifo vya watoto. Tume ya juji Stephen Goudge ilitoa ripoti kubwa juu yake mwaka 2008. Motherisk, iliyokuwa chini ya paa moja, iliendelea kufanya kazi kama vile ripoti ile haikuihusu.

Dosie 1.271

Kisha ripoti ya Lang, serkali iliunda tume ya pili, ikiongozwa na juji Judith Beaman. Ilianza Januari 2016 na kumaliza Februari 2018. Kazi yake ilikuwa kupitia dosie za familia, moja moja, na kuuliza: kipimo cha Motherisk kilibadilisha nini hapa?

Tume ilipitia dosie 1.271. Katika 56, iliona kwamba kipimo kilikuwa na uzito mkubwa juu ya uamuzi wa tribinali. Wakati wa kutoa ripoti, katika dosie 4 tu watoto walikuwa wamerudi kwa wazazi wao.

Namba 56 ielewe vizuri. Haisemi kwamba wazazi wengine wote walitendewa haki, wala haisemi kwamba wazazi wote 1.271 walikuwa hawana lawama. Katika dosie nyingi kulikuwa na sababu zingine: mapigano nyumbani, watoto kuachwa, ama ulevi wa kweli ulioonekana kwa macho. Kokaini na pombe zinaharibu watoto, na kuna watoto ambao serkali inapaswa kuwalinda. Kipimo kibaya hakisemi mtu ni safi. Kinatuacha bila kujua, na mtu asiyejua hana haki ya kutenda kana kwamba anajua.

Beaman aliandika pia juu ya wale waliopimwa. Wengi walikuwa kati ya watu maskini na wadhaifu zaidi wa nchi ile. Familia za wenyeji asilia wa Kanada zilikuwa nyingi kupita sehemu yao katika wakaaji. Wazazi walikatwa nywele bila kuelezwa vizuri haki yao ya kukataa.

Kwa nini watoto wengi hawakurudi? Kwa sababu mtoto aliyepewa familia ingine kisheria anakuwa mtoto wa familia hiyo. Uamuzi huo, kwa kawaida, haufutwi. Na hata kama ungefutwa, mtoto aliyechukuliwa akiwa na mwaka 1 ana sasa miaka 8 ao 10. Anaita mtu mwingine mama. Kumwondoa tena ni kumjeruhi mara ya pili. Juji anayefikiria masilahi ya mtoto anajikuta hana mlango mzuri wa kutokea.

Nywele nyeusi

Kuna sehemu ya habari hii inayotuhusu kwa mwili wetu wenyewe. Rangi nyeusi ya nywele inatokana na melanini. Utafiti wa labo umeonyesha kwamba kokaini na madawa mengine ya namna yake yanashikana kwa urahisi na melanini. Maana yake, watu wawili wanaweza kupata kiasi sawa cha dawa, ao kuguswa na moshi ule ule, na mwenye nywele nyeusi akaonekana na kiasi kikubwa zaidi. Wataalamu wanaendelea kubishana juu ya ukubwa wa tofauti hiyo kwa watu walio hai, na kama kuosha sampuli kunatosha kuiondoa.

Ubishi huo ulifika mbele ya majuji huko Boston, Marekani. Polisi ya muji ule ilikuwa ikipima nywele za watumishi wake kila mwaka. Mwaka 2005, polisi weusi waliofukuzwa ama kuadhibiwa kwa sababu ya kokaini, pamoja na wenzao, waliushitaki muji. Walisema hawakutumia, na kwamba kipimo kinawaonea watu weusi. Mwaka 2013, tume ya watumishi wa serkali ya jimbo la Massachusetts ilitengua kufukuzwa kwa polisi sita, ikisema kipimo cha nywele peke yake hakitoshi kumfukuza mtu kazi. Mwaka 2014, tribinali ya rufaa ya shirikisho ilikubali kwamba tofauti kati ya weusi na weupe waliopatikana na kokaini haikuwa ya bahati tu.

Kwa mama Mkongomani wa Toronto ao baba wa Dallas anayeambiwa atoe nywele, habari hizi zina maana. Ana haki ya kuzijua kabla ya kuweka saini.

Na hapa kwetu

Kwetu RDC, sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ndiyo inayolinda mtoto, na ndiyo iliyoleta tribinali za watoto. Hatujazoea kupima nywele. Lakini swali la msingi ni lile lile: ushahidi wa namna gani unatosha kumwondoa mtoto kwa mzazi, kumfukuza mfanyakazi, ao kumweka dereva ndani?

Chukua kifaa cha kupuliza kinachopima pombe. Katika kazi za madini na za usafirishaji, kupuliza kabla ya kuanza kazi ni jambo linalojulikana. Kifaa hicho hakioni damu. Kinapima pombe iliyo katika pumzi na kufanya hesabu. Nchini Ufaransa, kwa mfano, sheria inasema miligramu 0,25 kwa litri ya pumzi ni sawa na gramu 0,5 kwa litri ya damu. Ni kifaa kizuri kikitunzwa na kurekebishwa mara kwa mara. Lakini mtu aliyesukutua kinywa na dawa yenye alkoli, ao aliyetoka kumeza kipimo cha lotoko dakika mbili zilizopita, ana pombe kinywani ambayo bado haijafika kwenye damu. Ndiyo maana kanuni inataka kungoja dakika 15 na kupuliza tena.

Kutokana na yale ya Toronto na Boston, kuna maswali ambayo mtu anayepimwa, ama avoka wake, anaweza kuuliza bila kuwa mtaalamu:

Je, hiki ni kipimo cha kuchuja ama cha kuhakikisha? Kama ni cha kuchuja, cha kuhakikisha kitafanywa lini na wapi?

Labo ina kibali cha kufanya kazi ya toksikolojia ya sheria, ama ni labo ya kutibu wagonjwa tu?

Nani alichukua sampuli, ilifungwa vipi, na nani aliigusa mpaka ikafika kwenye mashine?

Je, kuna sehemu ya sampuli iliyobaki, ili labo ingine iweze kuipima?

Kwa nywele: zilioshwa kabla ya kupimwa? Labo ilitafuta pia vile ambavyo mwili unatengeneza, ama dawa peke yake?

Nilitumia dawa gani za hospitali, dawa za mafua ao mafuta ya nywele katika miezi hiyo, na je, mtu aliyapima hayo akiyafikiria?

Maswali haya hayamsaidii mlevi kukimbia sheria. Labo nzuri inayajibu kwa dakika chache, na jibu lake linazidi kupata nguvu. Mtaalamu anayekasirika akiulizwa ndiye wa kuangaliwa.

Huko Toronto, mlango wa hatua ya pili ulikuwepo wakati wote. Mashine za kuhakikisha zilikuwepo, wataalamu walikuwepo ndani ya nchi hiyo hiyo, na kanuni zilikuwa zimeandikwa. Kwa miaka, mbele ya maelfu ya karatasi, karibu hakuna avoka, juji wala mfanyakazi wa jamii aliyeuliza swali la kwanza katika orodha hii. Siku lilipoulizwa kwa nguvu, katika kesi moja tu, labo nzima ilifungwa katika miezi sita.